Mwanya wa Hille

Harm Hidding alianza kumwita mkewe "mama" Novemba moja ya mvua, chumbani mwake katika nyumba ya wazee ya Assen. Wala hakumwita vile waume wanavyowaita wake zao wakishazeeka pamoja. Alijiweka sawa kitini, akafunga kifungo cha juu cha shati, akatua kikombe cha kahawa taratibu kama kijana aliyekuja kuposa.

"Shikamoo, mama. Hille yuko wapi?"

Hille alikuwa mbele yake, koti bado linachuruzika maji. "Harm, ni mimi."

"Najua ni wewe, mama. Mimi namuulizia Hille."

Hille akacheka kidogo. Watu wa Drenthe, huku kaskazini mwa Uholanzi, ndivyo tulivyo: tukichomwa kisu hucheka kidogo, kisha huuliza kama kahawa imebaki. Alikaa naye mpaka saa ya chakula, akamkatia tufaha vipande vyembamba, na Harm akamshukuru kwa kila kipande kwa heshima ya mtu anayemwogopa mkwewe. Kisha Hille akapanda basi akarudi kijijini, akaingia bafuni bila kuvua viatu, akajitazama.

Harm hakuwa amekosea. Kwenye kioo alikuwamo Jantje Wolters, mama mzazi wa Hille, aliyelala kaburini nyuma ya kanisa miaka mingi sasa: midomo imezama ndani, kidevu kimepanda kuitafuta pua, mashavu yamebonyea. Hille akafungua kinywa, na yule mama naye akafungua. Akachukua taulo, akafunika kioo.

Haikusaidia. Jantje akahamia kwenye dirisha la jikoni, giza lilipoingia mapema na taa kuwashwa. Akahamia kwenye kioo cha basi. Siku moja Hille alimkuta kwenye kijiko cha supu. Hille hakuwa mtu wa mizimu. Alikuwa mtu wa viazi, wa kuosha madirisha kila Ijumaa, wa kanisani kwenye sikukuu tu. Lakini sasa aliishi na marehemu ndani ya uso wake mwenyewe, na aliogopa.

Asili ya yote ilikuwa zawadi.

Enzi hizo, msichana akishachumbiwa, baba mwenye kujali alimlipia kung'olewa meno yote, mabovu na mazima, akatiwa ya bandia, ili mume asije akabebeshwa mzigo wa daktari wa meno maisha yake yote. Msiwaite makatili. Walipenda, ila walipenda kwa koleo. Hille alikuwa na miaka ishirini na meno mazima yenye mwanya mbele. Baba yake alimpakia nyuma ya baiskeli mpaka mkahawa wa njia panda, ambako daktari alikuwa akija na mkoba wake na kufanyia kazi chumba cha nyuma, ndoo ya bati ikiwa miguuni. Sauti ya jino likianguka kwenye ndoo ile, Hille aliisikia mpaka uzeeni kila alipomwaga viazi kwenye sufuria. Alirudishwa kwa baiskeli hiyohiyo, skafu imefungwa mdomoni, kichwa kimeegemea mgongo wa baba.

Na haki isemwe: meno mapya yalipoingia, aliringa nayo. Yalipangika kama vigae vya jikoni, na wenzake walimwonea wivu. Mwanya haukuwamo, na hakuna aliyeuulizia.

Lakini mwenye kovu usidhani kapoa. Mfupa usio na jino hauna kazi, na mwili haulishi wavivu. Mwaka nenda mwaka rudi ulikuwa ukiunyonya mfupa wa taya kimyakimya. Meno ya bandia yakaanza kucheza, yakatiwa gundi, yakabadilishwa, yakacheza tena. Mwisho yale ya juu yalikuwa yakidondoka akitaja jina lake mwenyewe, akaamua kuyaweka kwenye mfuko wa aproni. Hapo ndipo uso ulipoanguka, na mama yake akaingia.

Binti yake, Fennie, ndiye aliyempeleka hospitalini. Daktari wa mataya, Bi. Terpstra, alikuwa mwanamke mrefu wa Friesland asiyempaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliwaonyesha picha ya eksirei.

"Hili hapa taya lako la chini, mama. Unene wa penseli. Mbele, kidevuni, nitapata nafasi ya skrubu mbili fupi, na meno yatabana juu yake kama vifungo vya koti. Nikikosea linavunjika. Sikosei mara nyingi."

"Na juu?" Fennie akauliza.

"Juu pamebaki ganda la yai. Naweza kuchukua mfupa nyongani kwake, niupande pale, tungoje ushike, ndiyo nitie skrubu, tungoje tena. Hapo umemaliza karibu mwaka, na miezi ya mwanzo anachechemea. Au nitumie unga wa mfupa wa ng'ombe, uliosafishwa, nimwachie nyonga yake. Ila kwa upungufu huu, unga huo peke yake hautoshi, na kungoja ni kulekule."

"Ng'ombe nimewakamua toka nina miaka sita," Hille akasema. "Sasa wahamie kinywani kabisa?"

Daktari akatabasamu upande mmoja. "Njia nyingine ni kuliruka taya. Skrubu ndefu, zinapanda mpaka mfupa wa shavu, chini ya jicho. Ule mfupa haujaliwa. Meno unavaa wiki hiyohiyo. Lakini utalala nusukaputi muda mrefu, jicho liko jirani, na moyo wako nimeusoma. Haunifurahishi."

"Na kuacha je?" Fennie akasema. "Supu haijamuua mtu. Mama, una miaka sabini na sita."

Bi. Terpstra alimgeukia Hille. "Wengi wanaokaa hapo huniambia wanataka kutafuna nyama. Wewe meno unayatakia nini?"

Hille akatazama mikono yake. "Mume wangu akiniona anamwona mama yangu. Nataka anione mimi. Hata mara moja, kabla hajasahau na jina."



"Basi mwaka huna," daktari akasema. "Tutakwenda shavuni."

Ndani ya gari Fennie alilia kwa hasira. "Na ukifia mezani?"

"Nitakuwa nimefia njiani nikienda kwa baba yako. Endesha, mvua inazidi."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Hille alikuwa tayari kuinama. Kilichomshinda ni kingine. Fundi wa meno, bwana mmoja mnene wa Groningen aitwaye Wubbo, alipokuja na nta yake na vipimo, Hille alimwambia anataka mwanya.

"Watu hunilipa niuzibe, shangazi," Wubbo akasema. "Haya. Upana gani? Una picha?"

Hakuwa nayo. Katika picha zote za usichana alikuwa amefunga mdomo, kama ilivyopasa mbele ya mpiga picha. Anakocheka ni kwenye zile za baada ya ndoo. Akajaribu kukumbuka kwa ulimi, akaupitisha kwenye ufizi mtupu, ulimi haukukumbuka kitu. Duniani alikuwa amebaki mtu mmoja tu aliyewahi kuutazama mwanya ule kwa karibu.

Akaenda Assen. Safari hii hakubisha alipoitwa mama. Alikaa alivyokuwa akikaa Jantje, mgongo wima, mkoba juu ya magoti, na nywele zilimsimama jinsi ilivyokuwa rahisi.

"Harm," akasema. "Binti yangu ulimpendea nini?"

Mzee akaona haya mpaka masikioni. "Usinikasirikie, mama. Mwanya."

"Ukoje huo mwanya? Mimi ni mama yake, sikuwahi kuutazama."

"Unyasi unapita ukiuingiza ubapa. Jino la kushoto limesogea mbele kidogo, kama linataka kusikia mnaongea nini. Akicheka, ulimi unachungulia." Akachukua kikaratasi cha sukari ya kahawa, akakikunja na kukikunja tena, akakiminya kwa kucha. "Hivi. Upana huu."

Hille akakipokea. Harm hakuuachia mkono wake.

"Mama, nasikia mnataka kuyang'oa. Nilikuja juzi kuwaomba msifanye. Ukanikuta mlangoni, ukaniambia hayo ni ya nyumba yenu, ukafunga mlango. Sasa nakuomba tena. Mwacheni alivyo."

Hili Hille hakuwahi kulijua. Zaidi ya miaka hamsini walilala kitanda kimoja, na Harm hakuwahi kumwambia kwamba alikuja. Alihisi mlango ule ukifungwa, na mkono ulioufunga ulikuwa huu wake uliomo mkononi mwa Harm, una mishipa ileile na pete ileile ya urithi. Alimchukia mama yake wakati ule kwa chuki mbichi kabisa, na ilimbidi amjibu Harm kwa kinywa cha mama huyohuyo.

"Hatutayang'oa," akasema.

"Unaniahidi?"

"Nakuahidi, mwanangu."

 

Upasuaji ulichukua asubuhi nzima. Moyo ulisumbua mara moja, wakautuliza, na Hille akaamka na uso uliovimba, wa zambarau kama kabichi nyekundu. Wubbo akamfungia meno kabla wiki haijaisha. Hille hakujitazama. Fennie ndiye aliyekwenda kwa baba yake siku zote hizo, na kila jioni Hille alimuuliza neno moja.

"Ameniulizia?"

Mwanzo Fennie alisema ndiyo. Baadaye alisema baba amechoka. Jioni moja alikaa kwenye ngazi bila kuvua koti. "Haulizi tena, mama. Anatazama bustani tu."

Kesho yake Hille akaenda, manjano ya majeraha ikiwa bado kwenye mashavu. Kabla ya kutoka aliliondoa lile taulo. Kwenye kioo alisimama mwanamke mzee ambaye midomo yake ilikuwa na mahali pa kuegemea, na katikati, akiifungua, kulikuwa na kipande cha giza chembamba. Jantje hakuwapo. Hille alijikuta anamtafuta pembeni ya kioo, kisha akavaa skafu.

Harm alikuwa dirishani. Hakugeuka alipoitwa. Hille akavuta kiti mbele yake, akagusisha magoti yake na ya Harm kama walivyokaa enzi za uchumba ukutani mwa kanisa, akacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa cha woga. Harm akashusha macho kutoka bustanini, yakapita kwenye nywele nyeupe, kwenye manjano, yakafika mdomoni, yakatua pale.

"Hille," akasema. "We mtoto, umechelewa."

"Nimechelewa, ndiyo."

Alinyoosha kidole, akagusa lile jino la kushoto kwa uangalifu sana. Macho yalimjaa machozi. "Hawajayang'oa. Mama yako aliniahidi, mimi sikumwamini hata kidogo. Kumbe mtu mwema."

 

Harm akatazama mlangoni, kisha akamwinamia, akateremsha sauti. "Lakini baba yako simwamini. Nisikilize. Kesho atatoa baiskeli, atakwambia mnakwenda njia panda mara moja tu, mnarudi. Usipande."

"Sipandi," Hille akasema.

"Hata akikubembeleza."

"Sipandi, Harm."

Akamshika mkono kwa nguvu, akageukia tena bustani, kulinda njia.