Mtu Anayevuka Njia Bombay

Mimi sinema za Kihindi nazipenda, lakini kuziamini sijapata kuziamini. Bombay ya kwenye pazia ni mji wa ajabu. Mvua hunyesha pale watu wanapotaka kuimba, polisi hufika shari ishakwisha, na maskini aliyeshuka garini asubuhi na bunda lake la nguo, jioni ana motokaa. Kubwa kuliko yote, mji ule hapotei mtu moja kwa moja. Ndugu waliotengana utotoni lazima wakutane kabla taa hazijawashwa. Sisi siku ya zanana, onyesho la wanawake peke yao, na mabuibui yetu, tukilia, tukicheka, tukitupa maganda ya njugu chini, kisha tukirudi majumbani kupika.

Shariffa, jirani yangu, yeye aliziamini.

Tulikaa nyumba moja Mji Mkongwe, yeye juu, mimi chini na cherehani yangu. Mumewe, Thuwaini, alikuwa fundi saa, mtu wa mzaha, na alikuwa na mazoea ya kuvuka njia ameshika kofia kichwani hata siku isiyo na upepo. Asubuhi ya Mapinduzi alitoka kwenda Mbweni kumtazama mama yake, Bi Hamda, asije akawa peke yake katika ghasia ile. Mbweni hakufika. Hakuna aliyemuona tena, si hai si maiti. Wengine walisema kauawa njiani. Wengine walisema kapata meli, yuko Bombay. Shariffa alilichukua hili la pili akaling'ang'ania.

Mwaka wa nne Bi Hamda alikuja mjini. Alimtaka mkwewe aende kwa kadhi, itolewe hukumu kwamba Thuwaini amekufa, Shariffa akae eda, na yeye mama mtu apate kumsomea mwanawe hitima.

"Mwanangu kaburi hana," alisema. "Na dua nayo asipate?"

"Mtu hai hasomewi hitima, mama," Shariffa akamjibu, akaingia ndani kwake.

Bi Hamda alirudi Mbweni analia. Nilimkasirikia Shariffa siku ile, nikamwambia wazi kuwa mfa maji haachi kutapatapa.

Zanana iliyofuata tulikwenda pamoja. Filamu mpya zilikuwa adimu siku hizo, na hiyo iliyoletwa ilikuwa imechakaa, imeungwaungwa. Mwanamke mmoja nyuma yetu alisema hii ishapita zamani. Tukamwambia anyamaze, filamu za Bombay zote si zimefanana? Ikaja nyimbo ya mvua. Kijana na mpenziwe wanaimba chini ya mwavuli, na nyuma yao watu wanavuka njia mbio. Shariffa akanikamata mkono mpaka ukaniuma.

"Tabia!" akaniita. "Nshamuona! Yule pale!"

Nilimuona na mimi. Mwanamme mwembamba wa shati jeupe, anavuka njia huku ameshika kofia yake nyeusi kwa mkono wa kulia. Alikuwa Thuwaini hasa. Uso haukuonekana vizuri, lakini mwendo ulikuwa wake. Niliogopa, sisemi uongo.

Kuanzia hapo nyumba yetu ikawa na mtu wa tatu. Shariffa alipakua sahani mbili. Mlango wa chini alikataa usitiwe komeo. Saa za wateja alizoziacha Thuwaini, alizitia ufunguo zote kila siku, na mimi nikishona chini nilizisikia zikigonga juu ya kichwa changu, na Shariffa akizungumza katikati yao, anatua kidogo, anacheka, kisha anaendelea. Magharibi ikiingia nilikuwa sipendi kupita pale kwenye ngazi.

Filamu ilipokaribia kuondoka alikwenda Mbweni mwenyewe kumchukua Bi Hamda. Mama hamsahau mwanawe, alisema, akimuona tu ataacha habari za hitima. Bi Hamda hakuwahi kukanyaga sinema maisha yake yote. Alikuja lakini. Alikaa baina yetu wawili, tasbihi mkononi, anatazama magari na magorofa ya Bombay kama mtu aliyepelekwa mkutanoni kwa nguvu.

Mvua ikanyesha. Mwavuli ukafunguliwa. Mtu yule akavuka, mkono kwenye kofia.

"Ndiye, mama?" Shariffa aliuliza. "Siye?"

Tasbihi ilisimama. Bi Hamda alingoja nyimbo imalizike.

"Huyu nnamjua," alisema polepole. "Thuwaini kanipa habari zake."

"Lini?"

"Sikukuu ya mwisho, kabla ya Mapinduzi. Alikuja Mbweni katoka sinema na wenzake, anacheka hawezi hata kukaa. Akanambia, mama, leo nimejiona Bombay. Navuka njia kwenye mvua, nimeshika kofia yangu."

Sikukuu ile naikumbuka. Shariffa alikuwa kalala na homa, mimi ndiye niliyemkanda.

"Mbona hakunambia mimi?" Shariffa aliuliza. Sauti yake ilikuwa ndogo sana.

"Alitaka akuchukue ukaone mwenyewe, ukipoa. Lakini filamu ikaondoka."

Kwenye pazia ndugu wawili walikuwa wameshajuana kwa alama ya mkononi, wanakumbatiana, na wanawake ukumbi mzima wanapiga vigelegele. Shariffa alimuegemea mkwewe.

"Alikuwa anacheka?" aliuliza.

"Anacheka, mwanangu."

Tulitoka kabla taa hazijawashwa. Wiki ile ile walikwenda kwa kadhi, wote wawili, na hukumu ilipotoka Shariffa akavaa nguo nyeupe akakaa eda. Hitima ilisomwa Mbweni. Saa hakuzigusa tena. Moja baada ya moja zilisimama huko juu, na nilijua hasa ya mwisho iliposimama, maana niliacha kushona nikasikiliza.

Zanana bado nakwenda. Mvua ikianza kunyesha Bombay, natazama chini mpaka nyimbo ipite.