Nyongeza Juu ya Gunia

Asubuhi ile nilishuka kutoka kwenye kivuko pale Kamanga nikiwa nimemtangulia mnunuzi, na kila hatua nageuka kuhakikisha bado ananifuata. Mwaka mzima nilikuwa nimemsumbua ofisini kwake mjini hadi akakubali kuvuka. Alikuwa anafungasha dagaa kwa ajili ya maduka makubwa, na sharti lake lilikuwa moja tu: akikuta mchanga, harudi tena.

Mimi naishi Kiseke, upande wa mjini. Niliacha kazi ya mshahara nikaanzisha biashara hii na akina mama kumi na wawili wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha dagaa, na ndugu zangu wa Bukoba wakasema nimerukwa na akili. Wazo lenyewe halikuwa gumu. Dagaa wanaoanikwa chini huokota mchanga, wakaishia kwenye chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Wakianikwa juu ya vichanja vya wavu, wanabaki safi, wanaliwa na watu, na mama anasomesha watoto wake bila kumpigia mtu magoti. Nilitaka mnunuzi mmoja wa kudumu. Bila yeye, vichanja vingekuwa kuni.

Pale mwaloni magunia kumi yalishapangwa. Akina mama walisimama pembeni wamevaa kanga za kutokea, mbele yao mwenyekiti wao, bibi anayelea wajukuu wanne. Nilimpita bila kumsalimia, nikafungua gunia la kwanza.

Mnunuzi alichota konzi ya juu, akaikung'utia kwenye karatasi nyeupe. Kisha akatafuna dagaa mmoja. Nilisikia meno yakikwaruza.

"Na huu ni nini?" aliuliza, akininyooshea karatasi.

Ulikuwa mchanga. Gunia la pili, vivyo hivyo. La tatu nalo.

Niliwageukia akina mama kwa sauti ambayo sijawahi kumtolea hata mbwa. "Nani ameanika chini? Mwaka mzima nawafundisha. Nani?"

Mnunuzi alianza kukitazama kivuko.

"Ni mimi," mwenyekiti akasema. "Niliwaambia waweke nyongeza juu ya kila gunia. Mgeni kavuka maji, tumpe kipimo kikavu?"

"Nyongeza ya kutoka wapi?"

"Majumbani. Dagaa wa vichanja ni wake tayari, mwanangu. Nyongeza mtu anatoa kwenye chake. Tukaleta wale wa watoto, tunaowaanika chini uani."

Nilikuwa nimewafundisha usafi na unyevu na jinsi ya kufunga gunia, lakini sikuwahi kuwauliza wanamshukuruje mnunuzi. Na nyongeza naijua. Muuza nyanya wa Mkolani asiponiongezea moja, nanuna hadi nyumbani. Hata hivyo hasira haikunitoka. Nilimwona yule bibi amesimama juu ya mwaka wangu mzima.

Nikamwomba mnunuzi jambo moja: tuondoe dagaa wa juu, urefu wa mkono hadi kwenye kiwiko, kisha apime wa chini. Alitazama saa. "Gunia moja likikwaruza, basi," alisema.

Tukatandika turubai. Mwenyekiti ndiye aliyechota, polepole, asiuguse upande wa chini. Mnunuzi alikung'uta, akatafuna, akasogea. Gunia la sita alitafuna kwa muda mrefu mno, nami nikajikuta nimekunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Akasogea. La kumi alilimaliza, akafuta mikono.

"Nitatuma gari," alisema. "Ila nyongeza mniwekee kwenye mfuko wake."

Alipoondoka, akina mama wakacheka kwa nguvu, wote isipokuwa mmoja. Mwenyekiti alikuwa amepiga magoti kwenye turubai, anazoa kitoweo cha wajukuu wake kwenye kanga. Hapo ndipo nilipoona aibu. Angetoka yeye kwenye kikundi, wenzake kumi na mmoja wangemfuata, na mnunuzi angeleta gari kubeba nini? Lakini sikuwa nafikiria gari. Nilikuwa nimemfokea mtu mzima kwa sababu ya kutoa.

"Mama, nisamehe."

"Umenifokea hata hujanisalimia," alisema bila kuinua macho.

Nikapiga magoti kwenye turubai. Jua lilishafika utosini. "Shikamoo, mama."

Alifunga kwanza fundo la kanga, akalikaza.

"Marahaba," aliitika. "Kesho uje na wavu. Kichanja cha mwisho kimetoboka."