Mauricette na njia ya Le Bost

Mauricette Lavergnat aliendesha basi la wanafunzi wa Vaurelle, kijiji chetu, tangu nywele zake zikiwa nyeusi mpaka zikawa nyeupe pe. Alipostaafu, kitu cha kwanza alichofanya ni kuuza gari lake mwenyewe. Akanunua baiskeli ya kijani yenye mikoba miwili nyuma, akatutangazia pale mgahawani kwamba masikio yake yamechoka na injini na makelele ya watoto. Sasa anataka kusikia yaliyokuwa yakiendelea huko nje miaka yote hiyo. Tulimcheka. Tulidhani mvua za Novemba zitamtia akili.

Mvua zikaja, zikapita, naye bado yuko njiani. Mimi nilikuwa muuza nyama, nimestaafu na kitambi changu, na daktari alikuwa amenipa maneno makali kuhusu moyo. Basi nikaanza kumfuata. Ndivyo nilivyomjua kweli, ingawa tumekua mtaa mmoja. Nimemjua kwa mgongo, maana sijawahi kumpita.

Ana sheria zake. Kwenye ramani zetu barabara kubwa zimechorwa nyekundu, za kati njano, na zile ndogo kabisa zimeachwa nyeupe. Nyekundu hagusi. Njano anaivuka tu, tena kwa haraka. Nyeupe ndizo zake, na akiona kibao kinachosema njia haitokei, macho yanamng'aa.

"Haitokei kwa magari," huniambia. "Nani kakwambia haitokei kwetu?"

Basi tumetokea kwenye mazizi, kwenye vinu vilivyobomoka, na mara moja kwenye ua wa Mholanzi aliyekuwa akinywa kahawa akiwa amevaa nguo za kulalia. Kila mahali Mauricette ana swali. Kwa nini kengele ya kanisa hili ina ufa? Nani alipanda mitofaa kwenye kona isiyo na nyumba? Mimi swali langu huwa moja, tunakula saa ngapi. Tunakula makaburini. Kila makaburi ya kijiji yana bomba la maji na ukuta wa kuegemea, na wenyeji wa pale hawakuulizi umetoka wapi. Tunatoa pai yangu ya viazi, jibini na soseji kavu, tunajaza chupa, tunaondoka.

Lakini sheria yake kubwa kuliko zote ni hii: pita kama vile hukupita. Geti unalirudisha ulivyolikuta, hata kamba uifunge kwa fundo lilelile. Ganda la yai unaliweka mfukoni. Njia ikiwa na tope, huikanyagi kwa tairi ukaichimba. Unabeba baiskeli begani, unapita pembeni. Nimeibeba baiskeli yangu huku nikimlaani kimoyomoyo, na mara nyingine kwa sauti.

"Paza zaidi," ananijibu bila kugeuka, "ng'ombe wa ng'ambo hawajakusikia."

Kati ya njia zote alizozipenda, hakuna iliyokuwa na maana kwetu kama ile ya Le Bost. Ni kijia cha zamani cha kijiji, kinapanda katikati ya malisho mawili, kinapita mbele ya nyumba moja tu, kisha kinashuka upande wa maziwa na msitu. Huko ndiko njia nyeupe zilipo, chungu nzima. Bila kijia kile, kufika huko ni kwa barabara nyekundu ya malori ya magogo. Mwaka mmoja nilijaribu kuipita, lori likanipangusa kiwiko. Nilikaa kwenye mtaro mpaka Mauricette akaja kunitoa.

Tulipita Le Bost kila Alhamisi. Nyumba ile ni ya Régis Pradeau, mfugaji, kapera wa miaka hamsini na kitu, anayeishi peke yake tangu mama yake afariki. Zamani alipanda basi la Mauricette, na Mauricette hajasahau kwamba alitapika ndani yake. Tukipita alikuwa zizini au mlangoni. Anainua mkono, nasi tunainua mkono, basi. Kusimama hatukuwahi. Mauricette alisema mfugaji ana kazi zake, si vizuri kumganda.

Majira ya kuchipua yaliyopita tukakuta tangazo limepigiliwa kwenye nguzo mwanzoni mwa kijia. Régis anataka kukinunua ili malisho yake mawili yawe moja, aache kuhangaika na uzio wa waya za umeme kila anapohamisha ng'ombe. Na halmashauri iko tayari kumwuzia, kwa kuwa kijia hakitumiki tena na watu. Sheria ya nchi yetu ndivyo ilivyo. Njia ya kijiji isiyopitwa inaweza kuuzwa, inayopitwa haiuzwi. Mkaguzi atakuja kujionea.

Mauricette alilisoma lile tangazo akiwa amesimama, baiskeli katikati ya miguu. Nilimwona rangi ikimtoka usoni.

"Hakitumiki na watu," akasema. "Kwani sisi ni nini, Anselme? Kunguru?"

Jioni pale mgahawani kila mtu alikuwa na ushauri. Mwenye mgahawa akasema twende wote, na baiskeli zote za kijiji, tukakikanyage mpaka kiwe cheusi kabla mkaguzi hajafika. Mimi niliona ni wazo zuri mno. Mauricette akakataa katakata.

"Kinatumika. Mtu anaigiza jambo la uongo, la kweli analionyesha tu."

"Haya, mwonyeshe," nikamwambia. "Utamwonyesha nini?"

Alichukua baiskeli yake akaenda, na usiku ule nililala nimemkasirikia.

Mkaguzi, Bwana Estève, alifika siku ya Jumatano, mtu mrefu mwenye viatu safi. Alikuja na meya, ambaye tangu anashuka garini alikuwa akitazama saa, maana mchana ulikuwa unakaribia na mkewe hampakulii mtu aliyechelewa. Régis alisimama pembeni, mikono mfukoni, na mbwa wake miguuni, nasi wawili tukasimama na baiskeli zetu. Mkaguzi akatembea kijia chote kwenda na kurudi. Majani yalimfika magotini. Akainama, akayatenganisha kwa vidole, akainuka.

"Mama, samahani. Mimi hapa sioni alama ya tairi hata moja."

"Tunabeba baiskeli pakilowa," Mauricette akasema. "Na pakikauka tunapita pembeni, tusiue majani."

"Na lile geti la kule chini?"

"Tunalifunga."

"Mabaki ya chakula, karatasi, chochote?"

"Bwana, unanionaje?"

Mkaguzi akatabasamu, na si kwa ubaya. "Yaani miaka yote hii mmekuwa mkipita kwa namna ambayo mtu hawezi kujua mmepita."

Mauricette akayatazama majani yale kana kwamba anatafuta alama. Sijawahi kumwona vile. Mwanamke aliyewanyamazisha watoto wa basi zima kwa jicho moja alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Niliona haya kwa kila mara niliyomcheka, na nilitaka kusema kitu, lakini neno la rafiki yake lingekuwa na uzito gani? Meya akakohoa, akasema kama ni hivyo basi tumemaliza.

Mkaguzi akamgeukia Régis, kwa kukamilisha utaratibu tu. "Bwana Pradeau, wewe ndiye unayeishi hapa. Tukubaliane basi kwamba mbele ya nyumba yako hapapiti mtu?"

Lilikuwa swali jepesi. Ndiyo moja, kijia kinakuwa chake. Tulimngoja. Régis aliangalia nyumba yake, akaangalia kijia, kisha akatikisa kichwa polepole, kana kwamba ndiyo kwanza analisikia jambo hilo likisemwa.

"Wanapita," akasema.

"Nini?" meya akaruka. "Régis, wewe si ndiye uliyeomba?"

"Nimeomba, ndiyo. Wanapita. Huyu mbele, na yule mnene nyuma anatukana."

Mkaguzi akakunja uso. "Wanapita mara moja moja, au?"

"Kila Alhamisi. Hata mvua ikinyesha."

"Una hakika na hilo, bwana? Unajua jibu hilo linakukosesha ardhi?"

"Najua!" Régis alikuwa mwekundu mpaka shingoni, amekasirika, sijui alimkasirikia nani. "Nina hakika. Alhamisi ndiyo siku ninayonyoa ndevu."

Meya aliacha kutazama saa yake. Mkaguzi akamshukuru Régis, akasema kwa upande wake kijia kinatumika na hakiuziki. Wakaingia garini wakaondoka. Régis alikuwa ameshatupa mgongo, anaelekea zizini na mbwa wake.

Nilimtazama Mauricette. Mwanamke mwenye maswali ya kila kengele na kila mtofaa hakuuliza kitu. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuyafuta. Tukashuka kijia taratibu, tukafunga geti, na tulipofika chini ndipo aliposema.

"Anselme, kesho njoo mapema. Na ile pai ufanye kubwa, ya watu watatu."