Kodi ya Redio ya Babu

Jana hotuba niliyoikariri siku tatu ilinifia mdomoni, mbele ya mwenye duka.

Nawabandikia habari hii hapa ukutani, wenzangu, kwa sababu kusimulia mbele ya darasa siwezi. Mnanijua. Mwenye la kusema aandike hapo chini kwa penseli.

Tangu Babu avunjike mguu, redio tunayokodi kwa Mzee Komba pale Nachingwea ndiyo inayozungumza naye mchana kutwa, sisi tukiwa shambani. Lakini shilingi sita kwa mwezi zimetushinda. Tusipopunguziwa, inarudi dukani.

Nikaanza, "Mzee wangu, kwa heshima na taadhima..."

Basi. Yaliyobaki yalipotea.

Bibi, niliyekwenda naye, akanisogeza pembeni, akamkabili Mzee Komba.

"Wewe Mngoni. Babu zako walimaliza kuku wetu sisi Wamwera. Wewe umekuja kumalizia shilingi?"

Nilitamani kuingia chini ya meza.

Mzee Komba akaweka kalamu chini taratibu.

"Kumbe ni watani zangu? Kosa letu tuliwaachia jogoo mmoja. Haya, lipeni nne. Na huyo mgonjwa nitakuja kumtukana mwenyewe."

Nilidhani ni maneno tu ya utani, ule wa makabila yetu wa kutukanana bila kuudhiana.

Alasiri akafika kijijini kwetu Mtua kwa baiskeli. Akaketi kando ya kitanda, akamwambia Babu kwamba Mmwera ni mvivu mpaka mfupa wake, ndiyo maana hauungi.

Babu akacheka hadi akashika ubavu. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aanguke.

Wakaendelea kutukanana mpaka magharibi.

Redio ilikuwa pale pale mezani. Hakuna aliyekumbuka kuiwasha.