Nilivyoupigia Magoti Mpira Uliopasuka

Mimi sipendi upuuzi, lakini huu niliufanya mwenyewe, kabla ya Uhuru. Nilikwenda shuleni Nyaishozi kumwombea binti yangu nafasi. Mwalimu mpya, ambaye sikuwa nimewahi kumwona, nilimkuta barazani kakaa kitini na kanzu yake, kofia imemfunika uso. Nikapiga magoti, nikamsalimu, nikamnyooshea kahawa ya kutafuna, heshima ya kwetu kwa mgeni. Mikono yake ikabaki mapajani. Nikafoka, "Wewe, kwenu hawakukufundisha kupokea kwa mikono miwili?"

Kicheko kikatoka dirishani. Mwalimu mwenyewe, brashi mkononi!

"Mama, huyo kichwa chake ni mpira uliopasuka, na mbavu ni raketi iliyovunjika. Wanafunzi wamemtengeneza, mimi namchora."

"Na binti yangu?"

"Aje kesho. Ila wewe usiinuke kwanza, magoti yako sijamaliza kuyachora."