Nyani Aliyevaa Shati la Dadi

Zabibu aliitwa nyani mara nyingi kuliko alivyoitwa jina lake. Mumewe, Dadi, alimwita hivyo chai ikichelewa, mimba isiposhika, hata mvua ikinyesha vibaya. Akipandwa na hasira aliongeza "kima wee", kisha akamalizia kwa mpini wa jembe. Alipomvunja jino, Zabibu alifunga sufuria zake ndani ya shati la Dadi la maua ya manjano, shati ambalo Mohoro nzima ililijua, akakimbilia kwa mjomba wake Abdalah, nje kidogo ya mji.

Talaka Dadi alikataa kutoa. Mjomba, mtu wa kupenda mambo yaishe kimya kimya, akampa mpwawe kipande cha shamba na sharti moja: akivuna mahindi ya kujilisha, atakaa, akishindwa, atarudishwa kwa mumewe.

Basi nyani wakawa wanakula uhuru wa Zabibu. Walishuka asubuhi kundi zima, wakavunja mabua, wakang'ata hindi moja na kulitupa, wakarukia jingine. Juu ya dungu, kichanja chake cha kulindia shamba, alipiga debe na kufoka mpaka sauti ikamkauka. Mbwa wake alilivamia dume kubwa, likampasua tumbo mbele ya macho yake. Zabibu alimlilia mbwa yule kwa uchungu ambao ndoa yake haikuwahi kuupata.

Ndipo akaamua kufanya wanavyofanya watu wa kule wakizidiwa: unamnasa nyani mmoja, unamvika nguo, unamwachia, wenzake wanamkimbia kwa hofu. Kitanzi kilinasa dume changa. Jirani yake, Haruna, akalibana shingo kwa mti wa panda. Zabibu akalivalisha shati lile la maua, maana hakuwa na nguo nyingine ya kupoteza. Nyani alimng'ata kiganja hadi mfupani, naye akafunga vifungo vyote huku damu ikimchuruzika.

Walipomwachia, aliwakimbilia nduguze. Nduguze wakatimka wakipiga mayowe, wakakatiza sokoni, naye nyuma yao.

"Jamani, Dadi huyo!" watu wakaangua kicheko. "Anawafukuza wakweze!"

Kesho yake Dadi alifika shambani na fimbo, akamkuta Zabibu na mjomba wake.

"Kima wee! Umenifanya kichekesho!"

Fimbo ya kwanza ilimpata Zabibu begani. Ya pili hakuingoja. Alishusha rungu lake la kulindia shamba kwenye kifundo cha mkono wa Dadi, mfupa ukalia, akamwongeza la goti. Alisikia raha, wala hakuionea haya.

"Basi, mwanangu! Utaua!" mjomba akapiga kelele.

Dadi, akigaagaa kwenye mabua, alitafuta cha kumuumizia mwanamke yule, akakiona kimoja tu kilichobaki.

"Nimekuacha! Mjomba wako shahidi, nimekuacha!"

Zabibu akaweka rungu chini. Akamwomba, kwa adabu kabisa, alirudie neno hilo kwa sauti, maana masikio ya mjomba hayakuwa mazuri.