Mstari Waliommalizia Mwanangu

Ukimtuma binti yangu dukani kuleta kiberiti, ilikuwa bahati akirudi na kiberiti. Siku nyingine alirudi na kitunguu, siku nyingine kitambaa cha jikoni. Mwenye duka wa mtaani kwetu Shirimatunda alisikia "ki" ya kwanza, akaona mtoto amekwama, akanyoosha mkono kwenye rafu na kumpa chochote kilichomjia kichwani. Mtoto alipokea, akalipa, akarudi nyumbani. Nilipomuuliza kwa nini hakusema si hicho, alinitazama kama vile nimemuuliza kwa nini hakuruka angani.

Alikuwa na kigugumizi tangu alipoanza kusema, na kila mtu alikuwa na dawa yake. Bibi yake, mama mzazi wa mume wangu, alimlambisha asali kila tulipopanda kijijini Mwika kumsalimia. Mwalimu wake alimruka kila zamu yake ya kusoma kwa sauti ilipofika, kisha akaniambia kwenye kikao cha wazazi kwamba anafanya hivyo kwa upendo. Nilichoka na upendo wa namna hiyo mapema sana.

Aliyenifungua macho ni dada mmoja wa hospitalini, mjini Moshi, ambaye kazi yake ni watoto wenye shida ya kusema. Alizungumza na binti yangu muda mrefu, kisha akanigeukia.

"Mama, huyu mtoto ana akili zake zote na maneno yake yote. Shida ni ninyi. Msimmalizie neno. Msimwambie avute pumzi. Mtazameni usoni, msubiri mpaka afike. Kila mnapommalizia mnamwambia hamwamini kwamba ataweza."

Kusubiri! Mimi ambaye chai ikichelewa kuchemka naigombeza. Lakini nilijifunza, na mume wangu akajifunza, na mdogo wake binti yangu alipothubutu kumdakia neno mezani nilimkata jicho hadi akainamia sahani. Ugali ulipoa mara nyingi nyumbani kwetu tukisubiri sentensi moja ifike mwisho. Nikaanza kuijua njia yake. Anapokwama hutazama chini, na anapokaribia kujinasua kidevu chake hupanda kidogo, kisha neno hutoka. Ukikiona kile kidevu, amefika. Taratibu akaanza kutusimulia mambo ya shule, tena bila kuulizwa. Siku aliponijibu jeuri kwa sentensi nzima kuhusu kuosha vyombo, nilimgombeza kama mama yeyote, kisha nikaingia chumbani nikacheka peke yangu kwa furaha.

Halafu ikaja kipaimara.

Kwetu huku mlimani kipaimara si jambo la mtoto na Mungu wake tu. Ni la ukoo mzima. Hema linafungwa kihambani, shamba la ukoo, katikati ya migomba na mibuni, ndafu inachomwa mbuzi mzima, pombe ya mbege inapikwa siku kadhaa kabla, na watu wanatoka Dar na Arusha wakiwa na suti mpya. Wakwe zangu walitaka ifanyike Mwika, kwao, kwa hiyo kila Jumamosi binti yangu alipanda kwa bibi yake kwenda mafundisho. Na katika usharika ule kuna desturi. Siku yenyewe kila mtoto husimama mbele peke yake na kusema kwa kichwa mstari mmoja wa maandiko, ndipo mchungaji amwekee mikono.

Wiki chache kabla ya siku hiyo, mwinjilisti aliyekuwa akiwafundisha aliniita pembeni ya kanisa.

"Mama, tumeona binti yako abebe maua. Atatangulia mbele ya wenzake wote. Ni heshima kubwa."

"Na mstari wake?"

"Mstari tumemsamehe. Tusimtese mtoto mbele za watu."

"Nani amekuambia anateseka?" nikamuuliza. "Umemuuliza yeye?"

Hakuwa amemuuliza. Hakuna anayemuuliza mtoto mwenye kigugumizi, maana kumuuliza ni lazima usubiri jibu. Nilipandisha sauti hadi akina mama waliokuwa wakifagia kanisa wakasimama na fagio zao. Mwisho mwinjilisti akasema basi, atasema, ila watampa ule mfupi kuliko yote. Nikamwita binti yangu, nikamwambia ajibu mwenyewe. Alikwama, akatazama chini, nami nikamkazia macho mwinjilisti asije akafungua mdomo.

"Na-na-nautaka ule mrefu," akasema. "Ule nilioujifunza."

Kumbe alikuwa ameshaushika wote. Alikuwa akiusema peke yake alipokwenda kumkatia majani ng'ombe wa bibi yake. Baada ya hapo aliusema mbele yangu jikoni, mara nyingine akikwama pengi, mara nyingine mahali pamoja tu, lakini kila mara akifika mwisho. Hakuwahi kuniomba nimsaidie. Alichotaka kilikuwa kimoja, aumalize mwenyewe, watu wakisikia.

Jumapili ile kanisa lilifurika hadi nje. Watoto walikuwa wamependeza, wasichana na magauni meupe, wavulana na tai zinazowanyonga. Wakasimama mmoja mmoja. Wengine waliufyatua mstari kama wanakimbizwa, na hakuna aliyeelewa neno, na wote wakapigiwa makofi. Zamu ya binti yangu ilipofika, simu zilinyanyuka kila upande. Watu wa ukoo walijua, na majirani walijua. Kanisa zima lilinyamaza, kimya kile cha watu wanaomhurumia mtu kabla hajafanya kosa lolote.

Alianza vizuri. Alikwama kidogo, akatoka. Alivuka nusu. Mume wangu alinishika mkono. Ikiwa imebaki kama sehemu moja ya tatu, akakwama kweli, akatazama chini, na kimya kikawa kirefu. Mimi sikuogopa. Ninaapa sikuogopa, kwa sababu nilikuwa nimesubiri kimya kirefu kuliko kile mara nyingi mno. Kisha nikakiona kidevu kinapanda.

Hapo hapo sauti ikatoka kwenye benchi la akina mama, laini, ya kubembeleza, ikasema neno lililofuata. Ilikuwa sauti ya bibi yake. Mwanamke mwingine akadakia. Ikaja kwaya, wakaja wazee, na kufumba na kufumbua kanisa lote lilikuwa likiusema mstari wa mwanangu kwa pamoja hadi mwisho, kwa sauti tamu, wengine wakilia. Vigelegele vikapigwa. Mchungaji akainua mikono akasema, tazameni, huu ndio upendo wa usharika. Binti yangu alikuwa amefunga mdomo. Alipiga magoti, akawekewa mikono kama wenzake.

Tunapenda kusema haraka haraka haina baraka. Tunawaambia vijana wanaotaka urithi, tunawaambia mafundi. Lakini mtoto mmoja anapohitaji pumzi mbili tatu za uvumilivu wetu, watu mia wanashindwa kumpa.

Nyumbani, chini ya hema, kila mtu alinipongeza. Shangazi yake mmoja wa Dar alikuwa amerekodi video na tayari ameirusha kwenye kundi la ukoo, na watu wa mbali walikuwa wakituma mioyo na mikono ya sala. Alinionyesha. Kidevu kinaonekana wazi kabisa kikipanda, na watu wote wale walitazama bila kukiona.

Nilimkuta mama mkwe jikoni akikoroga mtori, uso unang'aa.

"Mama," nikamwambia, "kwa nini hukumsubiri?"

"Nimsubiri mpaka lini? Ulitaka mjukuu wangu aaibike mbele ya watu?"

"Hakuwa anaaibika, mama. Alikuwa anasema."

Aliweka mwiko chini. Macho yakamjaa machozi, na ya kweli, maana yule mama anampenda mjukuu wake kuliko anavyonipenda mimi. "Nimemsaidia," akasema. "Mtoto wa watu alikuwa anazama, nikampa mkono. Wewe moyo wako umekuwaje?" Nilitoka kabla sijasema neno ambalo mkwe hamwambii mama mkwe. Mtu akimpiga mwanao utamshika shati. Huyu aliyemnyamazisha huku analia kwa upendo, utamshika wapi?

Binti yangu alikuwa nyuma ya zizi, gauni jeupe likigusa samadi. Nikachuchumaa mbele yake. Alitaka kusema. Nikasubiri, na ilichukua muda mrefu kuliko siku zote.

"Ni-ni-nilikuwa nafika, mama."

"Najua. Nilikuona."

"Mbona hu-hukuwaambia?"

Nikaanza kumpangusa samadi kwenye gauni. Mshereheshaji alipomwita mbele ashukuru wageni, alitikisa kichwa tu, na watu wakapiga makofi tena.

Kesho yake asubuhi tuliteremka kwa miguu kuelekea barabarani kupanda gari la kurudi Moshi. Tulikutana na mzee mmoja, jirani wa wakwe zangu, akitoka kukamua, ndoo mkononi. Salamu ya wazee ndiyo iliyokuwa ikimsumbua mwanangu kuliko zote, na hakuwahi kumwacha mzee yeyote bila kuimaliza. Alikuwa tayari kusimama njiani, mzee ameshapita, aimalize huku akiutazama mgongo wake. Nikapunguza mwendo, kama kawaida, kumpa nafasi.

Mzee alikuwa kanisani jana. Alitabasamu kwa huruma yote ya dunia.

"Marahaba, mwanangu, marahaba," akasema, kabla binti yangu hajafumbua mdomo.

Binti yangu hakujaribu. Alimwinamia kidogo, akapita.